Kisanduku kilichokatwa: jibu kwa kijana wa garaji



Mwezi huu nimepokea barua ya kijana mumoja wa Likasi. Ninaiweka hapa kama alivyoiandika, nimeondoa majina tu:

« Baba Pasta, jambo sana. Miye niko na miaka 19, ninajifunza mekanike mu garaji moja hapa kwetu. Batu banatuletea motokari za mazutu zenye zilitoka Ulaya, zile za miaka ya juzi juzi. Taa ya rangi ya machungwa inawaka kwa tablo, motokari inakosa nguvu. Patron anasema: tosha FAP, pasua ile kitu ya ndani, soude tena, kisha tutadanganya ordinatere. Saa mbili, kazi imekwisha. Mwenye motokari anafurahi, analipa. Lakini nyuma yake moshi inatoka nyeusi ti! Mama yangu anauzishaka mikate pembeni ya barabara ileile. Baba Pasta, ile kazi ni mubaya ao hapana? Nikikatala patron atanifukuza, na ni ile kazi inalipaka minervali ya wadogo wangu. »

Kijana wangu, asante kwa barua hii. Mbele ya kusema « ni mubaya » ao « si mubaya », inafaa tujue kile kisanduku kinafanya kazi gani, na sababu gani watu wenye akili walikiweka pale kwa bei kali. Mimi si mekanisie. Nilisoma masomo ya Biblia, sikusoma mekanike. Kwa hiyo nilikaa siku kadha pamoja na muzee mumoja wa kanisa letu aliyefanya kazi miaka mingi katika garaji ya kompanyi ya mine. Alinifasiria, nami nilisoma vitabu. Nitajaribu kuyasema kwa namna ambayo hata mama aliye jikoni ataelewa.

Motere isiyokuwa na cheche

Motere ya esanse inawashwa na buji: cheche moja, moto unawaka. Motere ya mazutu haifanyi hivyo. Inavuta hewa peke yake, inaikamua mpaka inakuwa ndogo mara 16 ao zaidi. Nani kwenu hajagusa pompi ya kinga wakati wa kujaza upepo? Inapata moto mukononi. Ndani ya motere ni vilevile, lakini kwa nguvu nyingi: hewa inapita digri 500. Hapo enjektere inarusha mazutu, nayo yanawaka yenyewe.

Mutu aliyefikiri hayo ni Rudolf Diesel, Mudachi. Katika mwaka 1897, kule Augsburg, motere yake ilipimwa: katika kila sehemu 100 za moto wa mafuta, ilitoa sehemu 26 za kazi. Mashini za mvuke za wakati ule zilikuwa chini sana ya hapo. Mpaka leo ndiyo sifa ya mazutu: motokari inakwenda mbali kwa litre chache.

Lakini moto ule mukali uliolete sifa, ulileta pia watoto wawili wabaya.

Mutoto wa kwanza ni masizi. Ninyi wamama mnamujua, ndiye yule mweusi anayeshika sufuria. Pahali tone la mazutu linapokosa hewa ya kutosha, haliungui lote, linabaki kaboni nyeusi, vipande vidogo sana kuliko mavumbi ya barabara yetu.

Mutoto wa pili haonekani sana. Hewa tunayopumua ni azoti kwa sehemu 78 katika 100. Kwa kawaida azoti inakaa kimya. Lakini moto ukiwa mukali sana, inashikamana na oksijeni na kuwa gazi inayouma kifua. Mafundi wanaiita NOx. Hii inatoka hata kama moshi hauonekani hata kidogo.

Blanketi moja, watoto wanne

Sasa sikiliza vizuri, sababu hapa ndipo penye siri yote. Masizi na NOx havifukuzwi kwa fimbo moja. Ukifanya moto uwe mukali na hewa iwe nyingi, masizi yanapunguka, mazutu yanaliwa kidogo, lakini NOx inapanda. Ukipoza moto, NOx inashuka, lakini masizi yanazidi, na mara nyingi mazutu pia yanaliwa zaidi.

Muzee wetu aliniambia: « Pasta, ni sawa watoto wanne kwenye kitanda kimoja na blanketi moja fupi. Mumoja anaitwa Mazutu Kidogo, wa pili Masizi Kidogo, wa tatu NOx Kidogo, wa ine Bei Kidogo. Huyu akivuta, yule anabaki inje. »

Kazi ya waingenieri tangu miaka 30 ni kuvuta blanketi ile kusudi asibaki mutoto inje kabisa. Sheria za Ulaya ziliwasukuma. Katika 1992, sheria ya kwanza, inayoitwa Euro 1, iliruhusu motokari ndogo ya mazutu kutoa miligramu 140 za vipande vya moshi kwa kila kilometre. Euro 4, katika 2005, iliruhusu 25. Euro 5, katika 2009, iliruhusu 5 tu. Kwa NOx, katika mwaka 2000 sheria iliruhusu miligramu 500 kwa kilometre. Euro 6, katika 2014, ilishusha mpaka 80.

Angalia walichofanya, na angalia kila mara bei waliyolipa.

Walianza kurusha mazutu kwa nguvu kubwa. Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza kati ya motokari ndogo kutumia bomba moja la pamoja linaloshika mazutu kwa nguvu ya bari 1350. Siku hizi zingine zinapita 2000. Mazutu yanakuwa kama ukungu, yanaungua vizuri, masizi yanapunguka. Bei yake: matundu ya enjektere ni membamba karibu kama unywele. Tone la maji ao muchanga kidogo ndani ya mazutu, na enjektere imekufa.

Walirudisha sehemu ya moshi ndani ya motere. Ile ndiyo EGR mnayoijua garajini. Moshi hauna oksijeni nyingi, kwa hiyo unapoza moto, na NOx inashuka. Bei yake: masizi yanazidi, na ile njia ya kuingilia hewa inajaa uchafu mweusi kama lami.

Wengine walipunguza kukamua hewa. Mazda, katika 2012, ilitoa motere ya mazutu inayokamua mara 14 tu. Moto wake ulikuwa wa upole, hata ikapita sheria ya Euro 6 bila chombo cha kukamata NOx nyuma. Bei yake: motere isiyokamua sana ni ngumu kuwasha asubuhi ya baridi, na iliwapasa kuongeza ufundi mwingine kusudi iwake. Tena FAP ilibaki palepale.

Kazi ya kile kisanduku

Wakaona kwamba ndani ya motere peke yake blanketi haitoshi. Basi wakaweka vyombo nyuma, katika njia ya moshi.

Cha kwanza ni katalizere, yenye platini na paladiumu, madini ya bei kali kuliko shaba yetu. Inamaliza kuunguza gazi zile ambazo hazikuungua. Wewe utauliza: « Motokari za esanse ziko na katalizere moja inayofanya yote, sababu gani mazutu hapana? » Sababu motere ya mazutu inatembea siku zote na hewa nyingi kupita lazima. Oksijeni inayobaki katika moshi inazuia katalizere ya namna ile kuvunja NOx.

Cha pili ni FAP, filtre ya vipande vya moshi. Peugeot 607 ilikuja nayo katika mwaka 2000. Ndani mwake ni seramiki yenye vitundu vingi kama nyumba ya nyuki, lakini kila tundu limezibwa upande mumoja. Moshi unalazimishwa kupita katika ukuta wenyewe. Gazi inapita, masizi yanabaki. FAP yenye afya inakamata zaidi ya sehemu 95 katika 100.

Lakini filtre yoyote inajaa. Ordinatere ikiona imejaa, inarusha mazutu kidogo kwa kuchelewa, yanakwenda kuungua nyuma, moshi unapanda mpaka karibu digri 600, na masizi yanaungua na kuwa gazi. Kazi hiyo inaomba dakika 10 mpaka 20 za mwendo mzuri. Motokari inayotoka nyumbani kwenda soko na kurudi, kilometre 3, haimalizi kamwe. Inaanza, inazimwa. Kesho inaanza tena, inazimwa. Mazutu yasiyoungua yanateremka katika mafuta ya motere, mafuta yanakuwa mepesi, na vyuma vya ndani vinasagana. Fundi akichomoa kijiti cha kupima na kuona mafuta yamepanda, asifurahi. Ile si baraka.

Cha tatu ni chombo cha kukamata NOx. Kuna namna mbili. Moja ni mutego wenye bariumu, unaoshika NOx kama sponji, kisha motere inaongeza mazutu kwa sekunde chache ili kuusafisha. Namna ya pili inatumia urea, ndiyo ileile ya mbolea ya mahindi, sehemu 32 na nusu katika 100 ndani ya maji safi. Inarushwa katika moshi wa moto, inatoa amonia, nayo amonia inageuza NOx kuwa azoti ya kawaida na maji. Ni kazi nzuri sana. Bei yake: tanki la pili, pompi ya pili, na chombo ambacho hakifanyi kazi vizuri moshi ukiwa baridi.

Motere na kisanduku vilioana

Sasa tunarudi kwa patron wako. Atasema: « Land Cruiser za zamani hazikuwa na FAP na zinatembea mpaka leo. » Ni kweli. Motere ile inayoitwa 1HZ, silinda 6, litre 4.2, isiyo na turbo, iliyotoka tangu 1990, imebeba watu na mizigo ya mine zetu. Inakula mazutu mengi, lakini inavumilia mazutu mabaya. Ilitengenezwa tangu mwanzo kuishi bila kisanduku.

Motokari uliyonayo mbele yako garajini si ya namna ile. Muingenieri aliyeitengeneza alijua FAP iko nyuma. Kwa hiyo aliweza kurudisha moshi zaidi kupitia EGR, akashusha NOx, akakubali masizi yazidi kidogo, sababu alijua kuna mutu nyuma wa kuyapokea. Motere na kisanduku vilifanya agano. Ukikata FAP, motere haijui. Inaendelea kufanya sehemu yake ya agano, lakini mupokeaji hayuko tena. Haigeuki kuwa 1HZ. Ni motokari mupya iliyovunjika.

Tena muzee alinifundisha jambo lingine, na nilishangaa. Motere ya kisasa yenye afya, hata bila FAP, haitoi moshi mweusi ti. Ukiona vile, kuna ugonjwa: enjektere inavuja, EGR imekwama wazi, turbo inapoteza hewa, filtre ya hewa imeziba mavumbi, ao wale waliofuta FAP katika ordinatere wameongeza pia mazutu kusudi mwenye motokari asikie nguvu. Ugonjwa huo ndio uliojaza FAP tangu mwanzo! Kukata FAP ni kuvunja tomometre sababu inaonyesha homa. Homa inabaki.

Waliodanganya ordinatere

Patron wako hakuwa wa kwanza kudanganya ordinatere. Katika 2013, watu wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kule Marekani, walifunga vyombo vya kupima nyuma ya motokari za mazutu na kutembea nazo barabarani siku nyingi, si katika chumba cha kupimia tu. Motokari mbili za Volkswagen zilitoa NOx nyingi kupita sheria mara nyingi. Ripoti yao ilitoka 2014. Tarehe 18 Septemba 2015, ofisi ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira ilitangaza mambo wazi: programu ndani ya ordinatere ilitambua kama motokari inapimwa. Ikipimwa, vyombo vyote vilifanya kazi. Ikitoka barabarani, vilipumzika, na NOx ilifika mpaka mara 40 ya kipimo cha sheria. Kompanyi yenyewe ilisema motokari karibu milioni 11 katika dunia zilikuwa na programu ile. Mukubwa wa kompanyi, Martin Winterkorn, aliacha kazi siku chache baadaye. Katika 2017 kompanyi ilikubali makosa yake mbele ya sheria ya Marekani, na kukubali kulipa dolari miliardi 4.3 katika mapatano yale.

Sababu gani watu wenye masomo makubwa walifanya hivyo? Ni ile blanketi. Walitaka kuahidi vyote vine: nguvu, mazutu kidogo, moshi safi, bei ndogo. Mutoto mumoja alibaki inje, nao wakaficha. Walimuficha yule asiyeonekana, sababu NOx haionekani kwa urahisi katika moshi. Wewe unaombwa kuacha inje yule mweusi, na huyu hafichiki. Lakini uongo ni ule ule: kufundisha mashini kusema « niko muzima » na huku ni mugonjwa. Kitabu cha Mithali kinazungumza juu ya mizani ya udanganyifu. Ordinatere ya motokari ni mizani.

Nani analipa?

Mwenye motokari anasema: « Nimepona gharama. » Hapana, gharama haikupotea. Imehama tu. Imetoka mufukoni mwake ikaingia kifuani mwa mutu mwingine.

Katika Juni 2012, wataalamu wa kansere wa Shirika la Afya la Dunia, walio na kiti chao Lyon, Ufaransa, waliweka moshi wa motere za mazutu katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansere kwa watu. Na nani waliowasaidia kujua? Watu wa mine, wandugu zetu kwa kazi. Mwaka uleule 2012 yalitoka matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi 12,315 wa mine 8 za Marekani, mahali motere za mazutu zilifanya kazi chini ya udongo. Kati ya waliopumua moshi ule kwa wingi zaidi, hatari ya kufa na kansere ya mapafu ilikuwa karibu mara 3 kuliko kwa wale waliopumua kidogo kabisa. Zile zilikuwa motere za zamani, bila FAP. Ninyi mnaoshuka chini Kipushi ao Kamoa-Kakula, mnajua sababu gani hewa inasukumwa ndani usiku na muchana.

Utasema: « Barabarani si shimoni, upepo unabeba. » Ndiyo, upepo unabeba. Lakini angalia kimo cha bomba la moshi: ni kimo cha magoti. Sasa angalia mama anayeuzisha mikate. Amekaa kwenye kibao, uso wake uko kimo kilekile, na mutoto mugongoni. Anakaa pale toka asubuhi mpaka jua kuzama, motokari zinapita mbele yake, zinasimama, zinaondoka kwa nguvu. Kijana wangu, uliandika mwenyewe neno hilo katika barua yako. Nafikiri ulijua jibu mbele ya kuniuliza.

Kweli ya inchi yetu

Sitaki kuwa muhubiri anayesahau barabara anayotembea. Vyombo vile vilitengenezwa kwa mazutu safi. Ulaya, tangu 2009, mazutu hayapaswi kuwa na sulfuri kupita sehemu 10 katika milioni. Majirani zetu wa Afrika Mashariki, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, walikubaliana sehemu 50 tangu 2015. Ninyi watu wa viwanda mnaijua sulfuri na asidi yake. Ikiwa nyingi katika mazutu, inafunika platini ya katalizere na kujaza mutego wa NOx. Na mazutu ya bidoni, ya wale tunaowaita Kadafi, nani anajua ndani kuna nini? Maji, mafuta ya taa, mavumbi. Kwa hiyo siwezi kumusema vibaya kila mutu ambaye FAP yake imeziba. Wengi walinunua motokari bila mutu kuwafasiria lolote. Waliona rangi nzuri na bei nzuri.

Lakini ugumu wa njia hauondoi tofauti kati ya kutengeneza na kuharibu.

Jibu langu

Kijana wangu, ndiyo, ni mubaya. Ninasema wazi kusudi usizunguke. Lakini muzigo haukulemei wewe peke yako. Patron ana sehemu kubwa, mwenye motokari ana yake, na yule aliyemuuzia bila kusema kweli ana yake pia. Sasa, mambo unayoweza kufanya kwa mikono yako ni haya:

1. Tafuta ugonjwa mbele ya kugusa FAP. Pima enjektere, EGR, mipira ya turbo, filtre ya hewa. Angalia kimo cha mafuta ya motere. Ukitengeneza hiyo, mara nyingi taa hairudi upesi.

2. Kama FAP haijajaa kupita kiasi, motokari ipelekwe njia ndefu. Barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi, karibu kilometre 120, kwa mwendo sawa bila kusimama-simama, inaweza kuwa dawa.

3. Kama imejaa kabisa, ifunguliwe, isafishwe, irudishwe. Kumbuka pia kwamba majivu ya mafuta ya motere hayaungui hata kwa digri 600. Kwa hiyo motokari ya FAP inaomba mafuta ya majivu kidogo, yale yenye alama ya ACEA C kwenye kopo, pamoja na namba ambayo kitabu cha motokari kinaomba. Mafuta ya bei rahisi yanaziba FAP polepole.

4. Umwambie mwenye motokari kweli mbele ya kununua. Mutu anayetembea mujini tu, nyumbani, kazini, kanisani, asinunue mazutu ya kisasa. Anunue esanse ndogo. Mazutu ya kisasa ni ya mutu wa safari ndefu.

Kwa patron, usiende na hasira wala na mahubiri. Umwonyeshe hesabu. Kutafuta ugonjwa ni kazi inayolipwa. Kusafisha FAP ni kazi inayolipwa. Motokari iliyokatwa itarudi na turbo iliyokufa, na mwenyewe atasema garaji yenu ndiyo iliyoua. Umwombe akuache ujaribu moja tu kwa njia nzuri.

Akikatala? Sitakudanganya kwamba atakuchekelea. Inawezekana ukasikia maneno makali. Umwombe akupe kazi nyingine siku ile, freni ao suspensio, wala usiwe wewe unayeshika kile chuma cha kupasulia. Mbele ya hayo ongea na mama yako na wazee wa kanisa lenu, kusudi kama mulango ukifungwa, usiwe peke yako inje. Na ninawaambia wazee wasomaji wenye garaji: kijana kama huyu akigonga kwenu, mufungulie. Mutu anayekatala kudanganya mashini hatawadanganya katika feza.

Mwisho, nami nilipe deni langu. Kamioneti ya kanisa letu, ya zamani, isiyo na FAP, ilitoa moshi mweusi miaka mingi. Kila Siku ya Mungu watoto wa masomo walikimbia nyuma yake wakicheka, nami nilisema tu: « Ni muzee, ndiyo vile. » Kiisha kusoma barua yako niliona haya. Nilimwita yule muzee wetu. Filtre ya hewa ilikuwa imeziba udongo mwekundu, na enjektere moja ilivuja. Tulikusanya feza, tukatengeneza. Moshi umepunguka sana, na mazutu pia. Haikuomba muujiza. Iliomba mutu ainame na kuangalia.

Ndugu yenu katika kazi,
Pasta

Maswali ya kuongea nyumbani na katika kundi la vijana

Katika kazi ya jamaa yetu, ni gharama gani tunayoihamisha kwa jirani bila kumwambia?

Tukikubali kwamba blanketi ni fupi, nani kati yetu huwa anaachwa inje mara nyingi?

Kama kijana wa Likasi angekuwa mutoto wetu, na minervali ya wadogo iko mikononi mwake, tungemwambia nini?